Je, niipake rangi upya bastola yangu ya mwaka 1917?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Ohio, Marekani, ambako nimeingiwa na uraibu wa kukusanya bastola za kale. Mke wangu huziita vyuma chakavu, nami sijapata hoja ya kumshinda.

Hivi karibuni nilinunua mnadani, katika mali za marehemu mmoja, bastola ya Kijerumani aina ya Luger P08, iliyotengenezwa na kiwanda cha DWM cha Berlin na kugongwa muhuri wa mwaka 1917 juu ya chemba, yaani sehemu risasi inapokaa. Ndiyo ile ambayo kiungo chake cha juu hukunjuka kama goti kila inapofyatuliwa. Bastola hizi za jeshi ziligongwa namba kamili kwenye fremu na mtutu, na tarakimu mbili za mwisho kwenye vipande vidogo, hivyo mkusanyaji huanza kwa kukagua kama namba zote zinaafikiana, yaani kama vipande vyote ni vya bastola ileile. Katika yangu zinaafikiana, isipokuwa ya kifyatulio na ya magazini.

Kinachonikosesha usingizi ni kutu. Nilipofungua mbao za mpini niliikuta imekwisha kuuma chuma, na upande wa kushoto wa mtutu una madoa. Fundi niliyempelekea anataka kuing'arisha yote, kuirudishia rangi yake ya bluu iliyokoza, na kuvichoma tena vipande vidogo hadi vipate umanjano wake wa zamani. Mzee mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi amenisihi nisithubutu: niifute kwa mafuta tu, kwa sababu kung'arisha hulainisha kingo za mihuri na za namba, na bastola iliyopakwa upya hushuka bei mno hata ikipendeza vipi machoni.

Ningemsikiliza mzee bila kusita, lakini fundi amenijibu kwamba, maadamu kifyatulio si chake, bastola hii haikuwa kamili tangu nilipoinunua, na kwa hiyo sina cha kupoteza. Hoja hiyo imenikwama. Je, kifyatulio kigeni kinatosha kuihalalisha kazi ambayo haiwezi kutenduliwa, au nitafute kwanza kifyatulio cha zama zile na kuiacha na madoa yake? Na kutu iliyo chini ya mbao niizuie vipi bila kugusa rangi iliyosalia? Fundi anasubiri jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Msomaji wenu,
Ohio