Shangazi, namba nilimsomea mwenyewe

Shikamoo Shangazi.

Nakuandikia saa kumi usiku, adhana bado. Mume wangu amelala, mimi niko jikoni na simu, maana nikifumba macho nalisikia lile neno lake. "Kisomo chako kimetusaidia nini?" Kalisema mbele ya wifi yangu. Wifi hakujibu kitu, aliinamia kikombe chake cha chai, na kule kuinama ndiko kunakoniuma.

Steshenari za huku Ngamiani unazijua zilivyo. Kompyuta moja, printa, mashine ya kopi, picha za pasipoti. Watoto wa chuo nawatumia maombi yao ya mikopo, wazazi nawajazia fomu za vyeti vya kuzaliwa. Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nawajua, ujumbe wao naupeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, siku hiyohiyo, na akina mama wenzangu nimewafundisha nao wafanye hivyo. Huyu hakuja kwa njia hiyo.

Alipiga Jumanne mchana, wateja wamejaa. Sauti ya kistaarabu, ananiita mama. Akasema anatoka kitengo cha ufundi cha Microsoft, eti kompyuta yangu inasambaza virusi kwenye intaneti. Na kweli wiki nzima ilikuwa nzito, ningejuaje? Akaniambia nibonyeze kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na R, niandike eventvwr. Akanielekeza pa kubofya, ikafunguka orodha ndefu, alama nyekundu na za njano, mstari kwa mstari. "Mama, nyekundu unaona ngapi?" Nikahesabu hadi 17 nikaacha.

Hapo akaniwekesha kiprogramu, nikamtajia namba zilizotokea, mshale ukaanza kutembea wenyewe juu ya kioo na mkono wangu uko mapajani. Akataka Sh45,000 ya leseni, nifungue ukurasa wa benki nilipe. Kioo kikawa cheusi. Ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu, tarakimu sita, akasema nimsomee ili kompyuta iwake. Nikamsomea. Ujumbe wenyewe umeandikwa usimpe mtu namba hii. Kuna mteja alikuwa anasubiri kopi zake, ananiita "dada, dada", na mimi nasoma.

Sh1,340,000 zimeondoka. Hela zangu, jasho langu, kwa hiyo sijui mume wangu anapata wapi mdomo wa kunisema. Duka hakunifungulia yeye.

Jioni alikuja kijana fundi simu wa jirani, akafungua orodha ileile kwenye laptopu yake. Nyekundu tele. Akasema kila kompyuta ya Windows inazo, hata iliyo nzima, ni kumbukumbu za vitu vidogo vilivyokwama, na Microsoft hawampigii mtu simu ambaye hakuwaita. Akakata intaneti, akaondoa kile kiprogramu, akanibadilishia nywila zote kwa kutumia kifaa kingine. Benki wamefunga akaunti, wanataka RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Polisi sijaenda. Kituoni kuna jamaa za mume wangu, lile neno litazunguka ukoo mzima. Lakini nataka yule mtu akamatwe Shangazi, nataka nimwone na pingu.

Nisikufiche. Katika hela hiyo, Sh860,000 ni za kikoba. Sikuziomba. Sanduku letu la funguo tatu lilikaa kwa mwenzetu, jirani zake wakaibiwa, watu wakaingiwa na hofu. Wakasema wewe umesoma, una akaunti, tutunzie. Wao ndio waliosema. Kuna mmoja anauza vitumbua, hisa zake analeta sarafu za mia mbili zimefungwa kwenye pindo la kanga, nazihesabu mimi juu ya mkeka. Mume wangu hajui habari hii. Akiijua, safari hii kisomo changu atakitaja mbele ya mtaa.

Na yule mtu kapiga tena jana, kwa namba nyingine. Anasema hela zimekwama tu, nikimfungulia kompyuta dakika kumi atazirudisha zote. Najua ni uongo. Fundi aliniambia kabisa, wakishakupata mara moja wanarudi kwa mlango huo wa kukurudishia. Najua. Lakini sikukata simu. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia anipigie Jumamosi.

Nililotaka kukuuliza ni hili la mume wangu. Nimdai aniombe radhi mbele ya wifi, au ninyamaze? Na hawa akina mama, niwaambie, au nikope mahali nirudishe kimyakimya? Sitaki wajue. Tena sitaki wasikie kwa mdomo wa mtu mwingine. Tunavunja kikoba Jumapili baada ya alasiri, nijibu kabla ya hapo. Jina langu usiliweke.

Msomaji wako, Tanga