Kuta zetu zichorwe kiangazi, si kwenye mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wale wanaotoa kazi za kuchora kuta hapa Kigoma. Mimi ni fundi wa mabango, nakaa Mwanga. Brashi niliishika mwaka 1984, nikiwa kijana wa kubeba ndoo na kusafisha vifaa kwa tina, na mpaka leo, ingawa macho yameanza kukataa herufi ndogo, bado naitwa.

Jumamosi ya Pasaka mjukuu wangu, aliyekuja kutoka Tabora na treni, aliniomba nimtembeze akaone "michoro yako yote, babu". Nikamwambia mvua hiyo inakuja. Akanionyesha mwavuli. Basi tukaanzia soko la Mwanga, yeye na mwavuli na simu ya mama yake ya kupigia picha, mimi na koti la mvua lililochanika kwapani.

Yeye alikuwa anatazama picha, mimi nilikuwa natazama kuta. Jua likiwaka kila ukuta ni mzuri. Mvua ikinyesha ndipo unajua maji yanapita wapi. Hapa bati ni fupi, yanashuka moja kwa moja usoni pa mchoro. Pale yanadondoka chini na kuruka na tope jekundu mpaka kiunoni mwa nyumba. Ndiyo maana nyumba nyingi zina ukanda mweusi au wa kahawia chini, kama futi tatu hivi. Mjukuu alidhani ni urembo. Ni wa kuficha tope, nikamwambia, na aliyeubuni alikuwa na akili kuliko sisi wachoraji wote.

Tukapita kwenye bucha. Ng'ombe wa pale ukutani anacheka. Sijui kwa nini wachoraji humchekesha ng'ombe anayekwenda kuchinjwa, na mimi nimo. Mbele kidogo ni kibanda cha kinyozi chenye vichwa sita vya mitindo ya nywele. Kichwa cha nne kilikuwa na panki nzuri sana, kazi ya kijana niliyemfundisha. Mvua imekinyoa kipara. Mwenye kibanda anasema wateja sasa wanakionyesha kwa kidole, "ninyoe kama huyu".

Maandishi yaliyodumu kuliko yote tuliyoyaona siku ile ni NYUMBA HII HAIUZWI. Niliyaandika mimi, zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwa mama mmoja aliyekuwa anaogopa shemeji zake. Hakubania. Alinunua praima, ile rangi ya kutangulia inayoshikisha nyingine, akanunua rangi nzuri, akasubiri ukuta ukauke ndipo akaniita. Herufi ziko vilevile. Hofu ni mteja mzuri. Ukiacha hayo, kinachodumu ni ile X nyekundu ya bomoabomoa, ambayo hupigwa kwa dakika moja bila praima wala msasa, na haifutiki mpaka nyumba yenyewe iondoke.

Tulipokuwa tunateremka kuelekea stesheni tukajibanza kwenye baraza ya duka moja, na ukutani kulikuwa na meli ya Liemba. Mchoraji simjui, ila ameipa mabomba matatu ya moshi. Liemba ina bomba moja! Mjukuu akaniuliza kwa nini watu wanaichora sana. Nikamweleza kwamba Wajerumani waliiunda kwao, ikaletwa kwa vipande ikaungwa hapahapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikawa inabeba watu na mizigo yao ziwani. Meli iliyokaa chini ya maji miaka kadhaa ikarudi kazini, lakini picha yake ukutani haimalizi masika mawili. Mjukuu akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa najua tunakoelekea.

Tulikuwa tunaelekea kwenye ukuta wangu. Sitautaja ni wa taasisi gani wala nani aliyenipa kazi, maana ugomvi si wangu naye. Niliitwa wiki ya pili ya Desemba. Ukuta ulikuwa umepigwa lipu siku tisa kabla, bado una rangi ya kijivu iliyoiva, ukiuwekea kiganja unasikia ubaridi wa maji. Walitaka mtoto ananawa mikono kwenye bomba, sokwe wa Gombe pembeni na ziwa nyuma. Nikawaambia jamani, huu ukuta ni mbichi, na mvua ndiyo kwanza imekolea, nipeni mpaka Juni. Nikajibiwa, "Mzee, hela isipotumika itarudi." Fundi mwenye ada za wajukuu hawezi kubishana na neno hilo. Nikachora, chini ya turubai lililoshikiliwa na vijana wawili.

Kwa Pasaka tulikuta hivi: sokwe yupo, amepauka. Ziwa limetoa chumvi nyeupe, limekuwa kama unga wa muhogo uliomwagika. Na yule mtoto anayenawa mikono hana mikono. Imebambuka yote miwili, kuanzia kwenye viwiko. Bomba linatoa maji, chini yake hakuna kitu, na maandishi yanasema NAWA MIKONO YAKO. Mjukuu wangu aliishusha simu bila kupiga picha. Nadhani alinionea huruma.

Sasa nieleze sababu, maana watu husema rangi za siku hizi ni feki. Nyingine ni feki kweli, lakini si hapo tatizo lilipo. Tofali zetu za kuchoma hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi. Ukiziba ukuta wenye maji kwa rangi ya mafuta, maji yanatafuta pa kutokea. Yanainua rangi malengelenge, kisha yanaibambua. Yakitoka huja na chumvi ya ndani ya ukuta. Na saruji mbichi ina ukali wake, inakula nyekundu na njano kabla hujashuka kwenye ngazi. Lipu inataka angalau wiki nne za hali ya hewa kavu, halafu msasa, halafu praima ya ukuta, ndipo rangi ya maji iliyo nzuri, si ya mafuta.

Vijana hunibishia kwamba Tingatinga alitumia rangi ya mafuta ya baiskeli na kazi zake zipo mpaka leo. Ni kweli. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za aina hiyo, ila alichora kwenye vipande vya hadibodi, vikanunuliwa, vikatundikwa sebuleni. Hadibodi ya sebuleni haisimami kwenye tope la Mwanga. Tumeiga rangi ya mzee, tukasahau alichora juu ya nini.

Dar wana vuli na masika, katikati mchoraji anapata kupumua. Sisi mvua zetu ni msimu mmoja mrefu, Oktoba mpaka Mei. Kiangazi chetu ni Juni hadi Septemba, basi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai Mosi, kwa hiyo kwa kalenda tungekuwa na bahati: fedha mpya na ukuta mkavu vinakutana. Lakini katika maisha yangu yote ya kazi hii, Julai na Agosti nimekaa barazani nacheza bao, na simu inaanza kulia mawingu yakishajikusanya upande wa Kongo. Barua za maombi zinazunguka kiangazi kizima, ukuta ukiwa mkavu kama mbao.

Ombi langu kwa watoa kazi: lipu ipigwe Juni, mchoraji aitwe Agosti. Kama fedha zimechelewa, nunueni rangi na praima mziweke stoo, mtuite mwakani. Na mwenye bati fupi aongeze futi moja kabla ya kuongeza sokwe. Wako wanaosema afadhali bango la kuprinti. Sawa, lakini nililipita moja siku ileile, upepo wa ziwa umelichana katikati, nusu ya mheshimiwa inapepea.

Na kama yule aliyenipa kazi ya Desemba anasoma gazeti hili, naomba aniruhusu nirudi Agosti nimrudishie mtoto mikono. Sidai malipo. Rangi ya kahawia ninayo, nusu galoni. Ngazi ndiyo sina, ya jirani imevunjika.

Fundi mabango,
Mwanga, Kigoma