Bia iliyoganda gerejini

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba bia uliyojitengenezea imeganda gerejini, ya chupa, ya kegi na ya ndoo.

Bia ya asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 tu chini ya sifuri, na usiku wa Januari huko Minneapolis huweza kushuka hadi 20 chini ya sifuri. Gereji isiyo na hita haiwezi kuilinda. Lakini usiimwage. Nyingi itaokoka, ila usiwe na haraka.

Anza na chupa, maana ndizo zenye hatari. Maji yakiwa barafu huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na barafu haibebi gesi. Gesi yote hukimbilia kwenye kimiminika kidogo kilichobaki na upenyo ulio chini ya kizibo. Chupa inaweza kutulia usiku kucha ikapasuka ukiishika. Vaa glavu nene na miwani, usifungue hata moja. Zisimamishe ndani ya ndoo yenye mfuniko, uziweke kwenye friji ya nyuzi 3 au 4 kwa siku mbili, zaidi ikibidi. Maji ya moto usiyaguse kabisa: kioo cha baridi kitapasuka.

Zikiyeyuka, simamisha kila chupa juu ya gazeti kavu. Ukiona duara la unyevu chini yake, ina ufa. Tupa chupa na bia yake. Nakusihi usichuje kwa kitambaa, vigae vidogo vya kioo hupita. Kizibo kilichoinuka maana yake gesi imetoka. Vipande vyeupe vinavyoelea ni protini tu, havidhuru.

Zile ulizojaza juzi, ambazo hazijapata gesi, ziache kwenye nyuzi 20 wiki mbili. Baridi huua hamira nyingi. Ukifungua moja ukakuta haina gesi, tia punje chache za hamira kavu ya bia katika kila chupa na uzibe upya. Sukari usiongeze! Ile uliyotia ulipojaza chupa bado imo, na ukizidisha utakuwa umetengeneza mabomu.

Kegi, lile pipa la chuma la lita 19, ifungie mrija wa gesi, uiache iyeyuke yote kabla ya kumimina. Ukimimina mapema utatoa kilevi kikali na kubakiza maji. Kulmbach, Ujerumani, huondoa barafu kwa makusudi wapate bia kali iitwayo Eisbock, lakini hiyo ni bia nzito ya kimea tangu mwanzo; yako yenye hopsi nyingi, yale maua machungu ya bia, itakuwa chungu mno. Ikiyeyuka, rudisha gesi, kisha pakaza povu la sabuni kwenye maungio yote. Likitoa mapovu, badilisha pete ya mpira.

Ndoo iliyokuwa bado inachacha, ipandishe polepole hadi nyuzi 18 au 20 na upime kwa hidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki. Pima tena baada ya siku tatu. Kipimo kisiposhuka, nitumie namba ya leo na ile ya siku ulipotia hamira, nikuambie kama imeshamaliza au inahitaji pakiti mpya ya gramu 11.

Mama yako