Barua kwa mama, baada ya kimbunga Shaheen

Suwaiq, Oman
Ijumaa, 22 Oktoba 2021

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe na wote hapo nyumbani. Natumai Maulidi mmeyasoma salama. Sisi huku wazima, alhamdulillah, watu kwa idadi yao. Vyombo sivihesabu. Siku ile simu ilikuwa ikikatika, na mie nikipiga kelele tu "wazima, wazima", basi leo nimekaa nikuandikie ilivyokuwa. Msomee na kaka, maana maneno mengi ya humu yanamhusu yeye.

Kimbunga hiki kilitoka mbali. Kilianzia Ghuba ya Bengal kikiitwa Gulab, kikaipiga India upande wa mashariki mwisho wa Septemba, kikaikata nchi nzima kwa juu. Kila mtu akadhani kimekwisha. Kilipotokeza bahari ya upande wa pili kikakuta maji ya moto, kikapata nguvu upya, kikapewa jina jipya, Shaheen, kikaja huku kwetu. Vimbunga vya bahari hii vina misimu miwili: Mei na Juni kabla kusi halijakaza, na Oktoba na Novemba likishalegea. Ndiyo ile tanga mbili, pepo zikibadilika, ambayo marehemu baba alikuwa hataki mtu amtajie safari.

Serikali ilitangaza mapumziko Jumapili na Jumatatu, na waliokaa mabondeni wakaambiwa wahamie kwenye maskuli. Mtaani kwetu wengi hawakujali. Kimbunga Gonu cha mwaka 2007 kiliua watu wapatao 50 nchi hii, lakini makali yake yalikuwa Maskati na Qurayat, sisi wa pwani hii ya Batinah tukabaki tunaangalia kwenye televisheni. Inasemekana pwani hii haijapigwa namna hii tangu 1890. Nani atakumbuka? Aliyeng'ang'ania tuhame ni mavyaa, mama mkwe wangu. Unamjua, mtoto wa Malindi ya Unguja yule. Kwao alilelewa kwa hadithi za upepo mkubwa wa Unguja wa 1872, ule uliozing'oa karafuu za Unguja, Pemba ikasalimika. Alikunja msala wake, akashika mfuko wa dawa, akatoka. Mwanamme gani atabaki ndani mama yake keshatoka? Tukaingia kwa shemeji, mwenye ghorofa.

Jumapili jioni, tarehe 3, kikatua. Upepo ulivuma mpaka milango ya chuma ikawa inalia, lakini mama, huo upepo niliuzoea baada ya saa moja. Maji ndiyo sikuyazoea. Hayakuingia kwa mlangoni. Yalianzia chooni, yakibubujika kutoka kwenye tundu la kutolea maji, meusi, na mende juu yake. Shemeji akaweka jiwe. Jiwe likasukumwa. Muda si muda friji limelala chali linaelea sebuleni, na mtungi wa gesi unagonga ukuta, gongo, gongo, usiku kucha. Sisi tumekaa kwenye ngazi tunamulika kwa simu kuona maji yamefika wapi.

Khaburah, jirani zetu, ilinyesha milimita 369 chini ya siku moja. Mvua ya mwaka mzima huku haifiki hata theluthi ya hiyo. Na ardhi yenyewe ni kavu, imekaza, milima ya mawe matupu iko nyuma yetu. Tone haliingii chini. Yote yanateremka kwenye wadi, mto ambao miezi kumi na moja watoto wanachezea mpira. Wa mwanzo kutangazwa kufariki walikuwa mtoto aliyechukuliwa na maji kule Amerat, na wafanyakazi wawili walioporomokewa na kilima Rusayl, ndani ya makaazi yao. Jumla waliokufa nchini wamepita 10. Kila mwaka vijana huku wanavusha magari kwenye wadi huku wenzao wanawapiga picha. Faini ipo, hawasikii.

Asubuhi shamba halikuwa shamba. Mitende imesimama, mindimu imelala yote kuelekea baharini. Ndani tope limefika kwenye swichi za taa, zito kama uji wa ubuyu, linanuka dizeli. Ule mkeka wa ukili nimeuosha mara nyingi, umekubali kidogo. Picha za arusi zimekwenda.

Ijumaa iliyofuata ndipo nilipolia. Walimiminika watu kutoka kila mkoa, malori kwa malori, na mafagio, makoleo, matangi ya maji. Wengine wametoka Salalah, mwendo wa siku nzima, ati kimbunga Mekunu kilipowapiga 2018 walisaidiwa na wao. Vijana wanne hatuwajui hata majina walilibeba zulia la majlisi, limelewa maji, mmoja anateleza, wanacheka.

Sasa kaka. Aprili mlipoambiwa kimbunga Jobo kinakuja, kikafifia kabla ya kufika, ulinitumia sauti unacheka. Ni kweli karibu na ikweta vimbunga havisimami vizuri, mzunguko wa dunia hapo hauna nguvu ya kuupinda upepo, na vingi vinapita kusini yenu kwenda Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska. Lakini kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na Mtwara watu walihamishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema usitoke, usitoke, hata kama bahari imelala. Na ile nyumba ya bondeni, unayotaka kuimalizia kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi, nakuomba kwanza uwaulize wazee maji ya masika yanapita wapi.

Mama, vyeti na hati ya kiwanja vitie kwenye mfuko wa plastiki, mpe mjomba aviweke juu. Pesa nitatuma mwezi ujao, mwezi huu zote ni rangi na nyaya za umeme.

Mavyaa anakusalimu sana. Mbuzi yake ya kukunia nazi imekwenda na maji. Dukani hapa zipo za chuma, za kufunga mezani, hataki hata kuziona. Akitokea msafiri, mnunulie ya mbao sokoni Darajani, na uijaribu kwanza meno yake.

Mwanao akupendae