Ruta za mtaa: Ijumaa baada ya alasiri

Assalamu alaykum wana kikundi. Ruta tatu, vile visanduku vya kusambazia mtandao mtaani, tumeshazifunga, zimebaki ya Kiponda na ya juu ya paa kule Mkunazini. Anayeweza kuja kushika ngazi Ijumaa aseme.

Nakuombeni sana, msizifungie ruta kabatini. Nyumba zetu za Mji Mkongwe ni za mawe na chokaa, kuta nene, na mawimbi ya masafa ya GHz 5 hayapenyi vizuri. Ndani tutumie GHz 2.4, chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11, na majirani wawili wasitumie chaneli moja. Ile ya 5 tuiachie kazi ya kuunganisha ruta kwa ruta, paa kwa paa, pale zinapoonana. Kila ruta inapopokea na kupitisha kwa masafa hayo hayo, kasi hushuka karibu nusu. Mnyororo mrefu wa ruta utatuchosha.

Kipimo cha mawimbi kwenye simu kikisoma -65 dBm ni kizuri. Kikishuka hadi -80, sogezeni ruta.

Kompyuta yangu sasa inaziita ruta zote kila dakika 5. Isiyojibu mara tatu nitaitaja hapa, na mwenye nyumba atazame kwanza umeme. Wiki iliyopita moja ilikuwa imechomolewa plagi tu, wanafunzi wakakosa kusoma jioni nzima. Iliniuma.

Za juu ya paa, vichwa vya waya tuvizungushie utepe wa mpira, chumvi ya bahari inavila haraka.

Mwenye ufunguo wa ngazi ya Mkunazini anijibu leo, tafadhali.