Picha ya simu haitoshi, mhariri

Mhariri, habari za kazi. Nimesoma makala yenu ya Saintpaulia, lile ua la zambarau la misitu ya Usambara, nimeipenda ila pale mlipoandika eti siku hizi hebaria, zile hifadhi za mimea iliyokaushwa, hazina kazi kwa sababu kila mtu ana simu yenye kamera, hapana, hapo mmetupoteza kabisa.

Hivi mnajua ndugu wa ua hili wanatofautishwaje? Kwa vinyweleo vya jani jamani! Kuna virefu, kuna vifupi, kuna vilivyosimama na vilivyolala, mpaka uweke jani chini ya lenzi ndo unaona. Ua lenyewe likikauka linapoteza rangi, ndo maana mkusanyaji makini anaandika rangi kwenye lebo hukohuko msituni kabla hajaubana mmea kwenye magazeti. Picha haina vinyweleo vya kupima wala DNA ya kutoa miaka hamsini baadaye.

Lebo ndo kila kitu. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Wendland, alilipatia ua hili jina mwaka 1893 kwa kutumia mimea iliyooteshwa Hannover, Ujerumani, kutokana na mbegu zilizotoka huku kwetu, na baadhi ya ndugu zake waliofuata nao walielezwa kwa mimea ya vyunguni Ulaya, sasa ukiuliza mbegu ilitoka mwamba gani, kijito gani, mita ngapi kutoka usawa wa bahari, ukibahatika unakuta "Usambara" basi. Usambara nzima!

Halafu nakala, yaani sampuli za ziada za mmea uleule. Machi 1943 hebaria ya Berlin ilipigwa bomu ikaungua, sampuli kibao za mimea ya huku za enzi za Mjerumani zikateketea, kilichookoa kidogo ni nakala zilizokuwa zimeshapelekwa kwingine. Kwa hiyo zikikusanywa leo moja ibaki Arusha, moja Dar, na Nairobi wapate yao.

Najua kuna atakayesema mmea wenyewe adimu halafu mnauchuma, sawa, ila hakuna anayesema ung'oe shina zima, jani moja mawili na ua vinatosha, na pakiwa na michache mno unaiacha.

Ila na nyie mmekosea, picha yenu inaonyesha mpaka kijito na njia ya kufika kwenye mwamba, na wezi wa maua nao wanasoma. Hebaria nyingi huficha sehemu kamili ya mmea ulio hatarini, anayetaka kuijua anaomba kwa maandishi. Toleo lijalo wekeni jina la wilaya tu.

Msomaji wenu