Barua kwa mwanangu kuhusu ndoa za jamaa wa karibu

Kakamega

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza, kwa ajili ya insha yako, jinsi serikali inavyoweza kuwazuia watu wawili wazima, waliokubaliana kwa hiari yao, wasioane kwa sababu tu ni jamaa.

Wengi watakujibu kwa hoja ya damu. Ni kweli kwamba ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki takriban nusu ya chembe za urithi, na binamu thumuni, hivyo mtoto wao hukabiliwa zaidi na maradhi yaliyojificha pande zote mbili. Hata hivyo, usiegemee hapo peke yake. Sheria haiwazuii wachumba wawili wanaobeba selimundu, ugonjwa wa kurithi tunaoujua vyema huku magharibi mwa Kenya, wala haimruhusu mwanamke aliyepita umri wa kuzaa aolewe na kaka yake.

Soma kifungu cha 10 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Baada ya kuwataja wazazi, ndugu, shangazi, wajomba, wapwa na binamu (Waislamu wameachiwa ndoa ya binamu), kinamkataza mtu kumwoa mtoto aliyemwasili, na hata mtoto wa mke aliyeachana naye. Hawa hawana damu moja. Wanalindwa na jambo lingine, nami naliona ndilo zito kuliko yote: msichana anayelala katika nyumba ya baba wa kambo, anayelipiwa karo naye na kuomba kwake hata nauli ya matatu, hawezi kumkatalia wala kumkubalia kwa uhuru ambao Katiba inautaka katika kifungu cha 45. Mlezi akiruhusiwa kungoja mtoto akue ili amchumbie, malezi yenyewe yamekwisha kuharibika tangu siku ya kwanza.

Mila zetu zinakwenda mbali zaidi: zinakataza ndoa za watu wa ukoo mmoja. Unajua nyanya yako, kabla mgeni hajamaliza chai, huwa ameshamuuliza ukoo wa baba yake na ukoo alikozaliwa mama yake. Mtakatifu Augustine, mwalimu wa Kanisa la kale, alitoa hoja inayounga mkono mila hiyo: baba na baba mkwe wakiwa watu wawili tofauti, upendo huwafikia watu wengi zaidi. Kifungu hichohicho cha 10 kinazitambua ndoa zilizokatazwa na mila. Lakini watu wa ukoo mmoja wasioweza hata kumtaja babu wanayechangia hawakulelewa pamoja, kwa hiyo hoja ya malezi haiwahusu. Hapo utatetea hoja ya kuunganisha koo mbalimbali tu. Usizichanganye hoja hizi mbili katika insha yako.

Mama yako anakusalimu.

Baba yako